Wanyama wa Oysterbay Walipotembea: Vipindi 52 vya katuni vilivyotengenezwa Nairobi

Februari 2010, watoto wa Uingereza waliowasha CBeebies, chaneli ya BBC ya walio chini ya miaka sita, walianza kuona wanyama ambao hawakufanana na katuni yoyote waliyoizoea. Tembo, chui, kobe, nyani, kila mmoja ngozi yake imejaa madoa, mistari na vidutu vya rangi zinazowaka. Macho yao ni makubwa ya mviringo, na nyuma yao mbingu imepakwa rangi mbili tatu zilizoyeyukiana. Mtu yeyote aliyewahi kupita Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, palipo na wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, asingehitaji kuambiwa michoro ile ina asili gani.

Mfululizo huo uliitwa Tinga Tinga Tales. Ulikuwa na vipindi 52 vya dakika 11 kila kimoja, ukaonyeshwa na BBC, ukachukuliwa na Disney kwa watoto wa Marekani, kisha utengenezaji ukakoma. Kwa mtazamaji wa London ilikuwa katuni nzuri iliyokuja ikapita, kama zinavyopita katuni nyingi. Kwa Afrika Mashariki ni habari nyingine kabisa, kwa sababu wanyama wale walihuishwa Nairobi, na vijana ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kupata kazi ya ukubwa ule. Naandika habari hii kwa kuwa huku kwetu tunakumbuka wimbo wake na rangi zake, lakini kazi iliyofanyika nyuma ya pazia haijasimuliwa vya kutosha.

Tuanze na mwenye jina.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi yake, aliondoka kwao kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam. Alifanya kazi za nyumbani na za bustani kwa Wazungu, baadaye akapata ajira ndogo hospitali ya Muhimbili. Alianza kuchora karibu na mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, bila shule ya sanaa wala mwalimu. Alichukua kilichokuwepo: mbao nyembamba za dari, zikakatwa vipande vya mraba, na rangi za mafuta za kung'aa, zile ambazo mafundi walipakia baiskeli na milango. Rangi hizo hazichanganyiki kirahisi, hukauka polepole, na zikikauka zinang'aa. Ndiyo sababu mchoro wa Tingatinga una rangi safi zilizowekwa kando kwa kando, mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao mzima, na mandhari ya nyuma isiyo na mambo mengi.

Alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akiwa ndani ya gari usiku, wakidhani wanafukuza wahalifu. Alikuwa na miaka 40.

Waliomzunguka, ndugu na jamaa wa kusini aliokuwa amewafundisha, hawakuacha. January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata waliendelea kuchora palepale Oysterbay, na wakafundisha wengine. Baadaye Mpata alihama na kwenda Nairobi akaupeleka mtindo huo Kenya; hata leo kuna hoteli Maasai Mara yenye jina lake. Walioendelea Dar es Salaam waliunda umoja wao, ambao mwaka 1990 ukawa chama cha ushirika. Kwa hiyo kabla BBC haijasikia neno Tingatinga, mtindo wenyewe ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka mara nyingi, kwapani mwa watalii na ndani ya masanduku ya wafanyabiashara wa vinyago.

Sasa twende London. Kampuni iliyobeba wazo la katuni hii ni Tiger Aspect, ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua hata kama hajawahi kulisikia jina lake, kwani ndiyo iliyotuletea Mr. Bean. Idara yake ya katuni na vipindi vya watoto iliongozwa na Claudia Lloyd. Yeye ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa Charlie and Lola, mfululizo ulioanza mwaka 2005 kutokana na vitabu vya Lauren Child. Kazi hiyo ina uzito katika simulizi hii. Vitabu vya Lauren Child vimetengenezwa kwa vipande vya karatasi, vitambaa na picha vilivyobandikwa pamoja, na timu ya Lloyd ilikuwa imejifunza namna ya kuuchukua mkono wa msanii mmoja, pamoja na makwaruzo yake yote, na kuufanya utembee kwenye skrini bila kuusafisha hadi ukapoteza uhai. Mtu aliyefanya kazi hiyo akitazama mchoro wa chui wa Oysterbay anaona kwamba chui huyo yuko tayari kutembea.

Wazo la Lloyd lilikuwa na miguu miwili: michoro ya Tingatinga, na ngano za usuli, zile hadithi za bibi na babu zinazoeleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Kwa nini tembo ana mkonga. Kwa nini nyoka hana miguu. Kwa nini kiboko hana manyoya. Kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Kila kipindi kilijibu swali moja, na msimulizi alikuwa Red Monkey, nyani mwekundu mwenye maneno mengi, aliyepewa sauti na Edward Kagutuzi. Ngano za namna hii zimeenea bara zima. Kisa cha kobe aliyeanguka kutoka juu na kupasuka gamba kinasimuliwa Afrika Magharibi na Mashariki kwa matoleo yasiyohesabika, na ndiyo maana haikuwa vigumu kuzikusanya. Kazi ngumu ilikuwa kuzipunguza. Ngano ya jioni kijijini inaweza kuchukua saa nzima, ina vitisho, ina ulafi na kifo, na mara nyingine mjanja anashinda bila kuadhibiwa. Kipindi cha mtoto wa miaka minne cha dakika 11 hakibebi yote hayo. Wanyama wa Tinga Tinga Tales wanagombana, wanadanganyana kidogo, kisha wanapatana. Nadhani kitu fulani kilipotea hapo, hasa ule ukali wa ngano zetu unaomfundisha mtoto kwamba dunia haina huruma kila siku. Lakini naelewa kwa nini ilikuwa lazima iwe hivyo kwa chaneli ile.

Swali kubwa lilikuwa: itengenezwe wapi?

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa katuni za Uingereza. Mwaka 2006 ITV, mshindani mkuu wa BBC, iliacha kutengeneza vipindi vyake vya watoto. Mwaka huohuo wasimamizi wa utangazaji walitangaza kupiga marufuku matangazo ya vyakula visivyo na afya kwenye vipindi vya watoto, na fedha za matangazo zikakauka. Nafuu ya kodi kwa katuni ilikuja Aprili 2013 tu. Hapo katikati, watayarishaji wengi wa Uingereza walipeleka kazi Ireland, Kanada au Asia, kokote kulikokuwa na unafuu. Isitoshe, chaneli kama CBeebies hulipa sehemu tu ya gharama za katuni. Sehemu nyingine mtayarishaji huitafuta kwa kuuza haki za kuonyesha katika nchi nyingine na kwa bidhaa, vitabu na midoli. Disney ilipoingia upande wa Marekani, hesabu ya Tinga Tinga Tales ilianza kukaa sawa.

Nairobi haikuwa kwenye orodha ya miji ya aina hiyo. Hakukuwa na nafuu ya kodi iliyokuwa ikiwavuta watu huko, wala studio yenye safu za wahuishaji wazoefu wakisubiri kazi. Lloyd alishikilia kwamba katuni yenye sanaa ya Afrika na ngano za Afrika itengenezwe Afrika, na kwamba kama wafanyakazi hawapo, watafunzwa. Ni uamuzi uliokuwa na gharama na hatari, na mimi namheshimu kwa huo. Njia rahisi ingekuwa kununua michoro michache, kuipeleka studio ya nchi nyingine yenye bei nafuu, na kuandika neno Afrika kwenye bango.

Mshirika aliyepatikana alikuwa Homeboyz, jina ambalo kila kijana wa Nairobi wa miaka ya 1990 analijua kwa sababu ya madisko. Myke Rabar na ndugu zake walikuwa wameanza kama madijei, wakaingia kwenye sauti, matamasha na redio, na sasa wakaingia kwenye katuni. Studio ikaundwa mahususi kwa kazi hii, ikawakusanya chini ya paa moja wachoraji, wabunifu, wahuishaji, waandishi na wanamuziki, wengi wao Wakenya.

Walikuwa akina nani? Nairobi ya wakati huo ilikuwa na vijana wenye vipaji vilivyotawanyika. Wengine walichora matangazo ya biashara, wengine vibonzo vya magazeti, wengine walijifundisha wenyewe usiku kwa programu walizonakili kwa marafiki. Mpango wa UNESCO ulioitwa Africa Animated! ulikuwa umepita katikati ya miaka ya 2000 ukikusanya vijana wa nchi kadhaa za Afrika, wakiwemo wa Kenya, kwa mafunzo ya katuni. Mwaka 2009, wakati vipindi vya Tinga Tinga vikitengenezwa, The XYZ Show ilianza kuonyeshwa Citizen TV ikiwa na vikaragosi vya mpira vya wanasiasa, wazo la Gado, mchora vibonzo Mtanzania aliyefanya makao yake Nairobi. Kwa hiyo mji ulikuwa na joto la ubunifu. Kilichokosekana kilikuwa kazi moja ndefu, yenye mshahara wa kila mwezi, inayomlazimisha mtu kurudia jambo lilelile hadi mkono uwe mwepesi. Katuni haifundishwi kwa semina ya wiki mbili. Inafundishwa kwa kuhuisha mwendo wa kobe mara mia, chini ya jicho la mtu anayejua mwendo wa kobe ukikosea unakuwa wapi.

Ili kuelewa ukubwa wa mzigo, tufanye hesabu. Televisheni ya Uingereza huonyesha fremu 25 kila sekunde. Dakika 11 ni sekunde 660, yaani fremu 16,500 kwa kipindi kimoja. Ukizidisha kwa vipindi 52 unapata fremu 858,000, sawa na saa tisa na nusu za katuni. Mhuishaji mzuri wa katuni za aina hii akimaliza sekunde kumi kwa siku, amefanya kazi. Kwa kasi hiyo kipindi kimoja kinakula siku 66 za mtu mmoja, na hapo hatujahesabu mwandishi, mchoraji wa mandhari, mtu wa sauti, mwanamuziki, wala anayeketi mwisho kuunganisha vyote. Ndiyo maana kazi hugawanywa na kwenda kama ukanda wa kiwanda: wakati kipindi cha kumi kinahuishwa, cha kumi na tano kinachorwa, cha ishirini kinaandikwa, na cha tano kinawekwa muziki. Mmoja akichelewa, wote nyuma yake wanasimama.

Ndani ya ukanda huo kila kipindi hufuata mpangilio uleule. Mswada hukubaliwa kwanza. Sauti hurekodiwa kabla ya picha, kwa sababu mdomo wa mnyama lazima ufuate sauti ya mwigizaji. Kisha hadithi huchorwa kwa penseli, mchoro mmoja kwa kila tukio, michoro hiyo ikapangwa juu ya sauti ili kuona kama dakika 11 zinatosha. Hapo ndipo vita vya kweli hupiganwa, maana sekunde ikikatwa kwenye penseli haigharimu kitu, na ikikatwa baada ya kuhuishwa ni siku ya mtu iliyotupwa. Baada ya hapo wabunifu hutengeneza wahusika na mandhari, wahuishaji hupokea, na waunganishaji hufunga.

Mtindo wa Tingatinga ulileta neema na taabu zake. Neema ni kwamba mnyama wa Tingatinga amechorwa akionekana ubavuni, umbo limefungwa kwa mpaka ulio wazi, na hana kivuli. Mnyama wa namna hiyo anakubali kukatwa vipande kwenye kompyuta: kichwa kivyake, shingo kivyake, paja, muundi, kwato, mkia, kila kimoja na kiungo chake. Mhuishaji haanzi kumchora upya kila fremu. Anavizungusha vipande kwenye viungo. Taabu ni ngozi. Chui wa Oysterbay ana madoa kila mahali, na kila doa lina doa ndani yake. Ukimchora kwa mkono fremu kwa fremu, madoa hayo yatachemka kama uji jikoni, kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kuyarudisha mahali palepale mara ishirini na tano kwa sekunde. Njia ya vipande inaponya hilo, kwani doa limepakwa juu ya paja na linakwenda na paja. Lakini inaleta tatizo jingine: viungo. Goti likikunjwa, madoa ya paja na ya muundi lazima yapokeane bila pengo kuonekana. Ukitazama vipindi kwa makini utaona jinsi walivyopanga michirizi na vidutu kwenye maungio ili jicho la mtazamaji lipite bila kujikwaa. Yale madoa ambayo mtoto anayaona kama mapambo yalipangwa na mtu aliyefikiria goti.

Kisha kuna kugeuka. Mchoraji wa ubao hahitaji kumgeuza mnyama wake. Atabaki ubavuni milele. Mhusika wa katuni lazima amtazame mwenzake, amtazame mtoto aliye nyumbani, aondoke zake. Kwa hiyo kila mnyama alihitaji kichwa cha ubavu, cha mbele, cha robo tatu, pamoja na midomo ya kutamka sauti mbalimbali na macho ya hali mbalimbali. Wabunifu walilazimika kujiuliza jambo ambalo Edward Tingatinga hakuwahi kulazimika kujiuliza: kiboko huyu akikuangalia usoni, anafananaje? Kulijibu swali hilo bila kumgeuza kiboko awe katuni ya kawaida ya Kimarekani ndiko kulikokuwa kazi ya sanaa hasa katika studio ile. Nikitazama vipindi leo, naona walifaulu zaidi kwa wanyama wakubwa, tembo na kiboko, ambao miili yao inabeba mapambo mengi, kuliko kwa ndege, ambao udogo wao uliwanyima nafasi.

Sehemu ya kazi hii ilifanyika katika Kenya ya 2009. Hadi Julai 2009, nyaya za intaneti za SEACOM zinazopita chini ya bahari zilipoanza kazi pwani ya Afrika Mashariki, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na yenye kasi ndogo, wakati mfululizo wa aina hii unahitaji mafaili mazito yaende London kukaguliwa na yarudi na maoni. Mwaka 2009 ulikuwa pia wa ukame mkali, mabwawa yakapungua maji, na Nairobi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Kompyuta inayotoa picha za mwisho za katuni hufanya kazi usiku kucha na haisamehe umeme unaokatika. Mtu wa London anayetazama kipindi hawezi kuyaona haya, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini sisi tunaoishi huku tunajua ubora ule umesimama juu ya nini.

Muziki ndio uliokuwa mwepesi kuliko vyote kupata nyumbani kwake, maana Nairobi haijawahi kukosa wanamuziki. Wimbo wa kufungulia ulitungwa na Eric Wainaina, mtunzi wa Nchi ya Kitu Kidogo, wimbo ulioivua nguo rushwa ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alikuwa amesoma muziki Berklee, Boston, na alijua kuandika kwa ajili ya jukwaa. Wimbo wake wa Tinga Tinga ni mfupi, una kwaya inayoitikia, na mtoto anaushika akiusikia mara mbili. Nyimbo zilizomo ndani ya vipindi zilifanya kazi ya zamani kabisa ya ngano za Kiafrika: msimulizi husimama, wote huimba, kisha kisa huendelea. Hapa katuni ilikuwa aminifu kwa asili yake kuliko mahali pengine popote.

Kwenye sauti za wahusika hali ilikuwa tofauti. Nyingi zilitoka kwa waigizaji wa Uingereza, akiwemo mchekeshaji mashuhuri Lenny Henry, na lugha ilikuwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kiafrika. Sababu zake zinaeleweka. Soko la kwanza lilikuwa London, mnunuzi alikuwa London, na jina kubwa husaidia kuuza. Hata hivyo ni jambo linaloniuma hadi leo. Mikono ilikuwa ya Nairobi, rangi zilikuwa za Dar es Salaam, visa vilikuwa vya bara zima, na vinywa kwa sehemu kubwa vilikuwa vya kwingine. Mtoto wa Temeke au wa Kisumu aliyebahatika kuiona katuni hiyo alimwona mnyama wa nyumbani akizungumza kigeni.

Suala la jina nalo halikwepeki. Tingatinga ni jina la ukoo wa mtu aliyekufa maskini, na likawa jina la katuni, la vitabu vya watoto vilivyochapishwa na Puffin, na la bidhaa. Sheria ya haki miliki ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, inailinda picha fulani iliyochorwa na mtu fulani, na inazitambua sanaa za jadi. Mtindo wenyewe, yaani namna ya kuweka doa ndani ya doa, haumilikiwi na mtu kisheria, si Tanzania wala Uingereza. Tingatinga mwenyewe aliutoa bure kwa kila aliyekaa karibu naye, na ukarimu huo ndio uliofanya mtindo uishi. Lakini ukarimu huohuo uliwaacha wachoraji wakiwa na mkono dhaifu kila mara biashara kubwa ilipobisha hodi. Wachoraji wa Oysterbay wanauza picha kwa mtalii mmoja mmoja. Mfululizo wa katuni unauzwa kwa nchi nzima kwa saini moja, na anayeshika saini hiyo ni mwenye mfululizo.

Hapo ndipo naona sababu ya maisha mafupi ya Tinga Tinga Tales. Hakuna aliyesema katuni ni mbaya. Vipindi 52 vya dakika 11 ni kifurushi kinachotosha chaneli ya watoto kurudia kwa miaka, kwa sababu watazamaji wa umri ule hukua na kuondoka, wakaja wengine ambao kwao kila kipindi ni kipya. Kuagiza vingine kunahitaji mnunuzi aone faida mpya. Tiger Aspect yenyewe ilikuwa imebadilisha wamiliki, IMG mwaka 2006 kisha Endemol mwaka 2009. Uamuzi wa kuendelea au kutoendelea ulikaa mbali sana na meza za Nairobi. Studio iliyojengwa kwa ajili ya kazi moja, kazi hiyo ikiisha, inabaki na kompyuta na watu wenye ujuzi wasio na kipindi. Televisheni za Kenya na Tanzania hazikuweza kuchukua nafasi ya BBC, kwa kuwa katuni ya kigeni iliyokwisha kulipiwa kwingine hununuliwa kwa bei ndogo sana kuliko kutengeneza dakika moja mpya nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa 2011, na mpaka sasa hesabu hiyo haijabadilika sana.

Watu hawakupotea. Kwame Nyong'o, mmoja wa wahuishaji wa Kenya waliofanya kazi kwenye mfululizo huo, alitoa mwaka 2011 filamu fupi ya The Legend of Ngong Hills, iliyotokana na ngano ya Kimaasai kuhusu jitu na vilima vya Ngong, kupitia studio yake mwenyewe. Wengine walirudi kwenye matangazo, wengine wakafungua vyumba vidogo vya kazi, wengine wakafundisha.

Dar es Salaam nayo ilichukua njia yake. Mwaka 2013 lilianzishwa shirika la katuni la Ubongo, na Januari 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonyeshwa TBC, kwa Kiswahili tangu kipindi cha kwanza, ikifundisha hisabati kwa nyimbo. Ukiilinganisha na Tinga Tinga Tales kwa uzuri wa picha, ya Nairobi inashinda bila ubishi. Zile fremu zilikuwa na mnunuzi mwenye fedha nyuma yake. Ukiuliza nani anaamua kesho kitengenezwe nini, na kwa lugha gani, jibu linageuka. Ubongo ilianza na michoro rahisi na wahusika inaowamiliki yenyewe, ikapata wafadhili, ikaongeza Akili and Me kwa walio wadogo zaidi, na imevuka mpaka ikiwa na watazamaji wa nchi nyingi za Afrika. Sijui kama ingethubutu kuanza bila mfano wa Nairobi, lakini najua ilikwepa mtego uliomaliza mfano huo.

Tinga Tinga yenyewe ilirudi kwa mlango ambao haukutarajiwa. Mwaka 2018 Claudia Lloyd, Eric Wainaina na mtayarishaji Sheba Hirst waliziondoa ngano zile kwenye skrini wakazipandisha jukwaani Nairobi, zikiwa tamthilia ya muziki. Ngozi za rangi zikawa mavazi, madoa yakapakwa kwenye vinyago, na nyimbo zikaongezwa. Oktoba mwaka huo tamthilia ilifunguliwa katika New Victory Theater, New York, ukumbi wa watoto ulioko 42nd Street. Safari hii wanyama walizungumza na kuimba kwa sauti za waigizaji wa Kenya waliosimama wenyewe mbele ya watazamaji.